Mkulima ni Nani Hapa? Kisa cha Mama Mmoja wa Uru

Jina lake naliacha. Alinikubalia niandike kisa chake, ila akaniambia, "Andika mambo, mwanangu, jina niachie." Basi humu nitamwita Mama, kama ninavyomwita tukikutana njiani. Ana miaka sitini na kitu, ni mjane, anakaa Uru upande wa juu, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro, kule ambako asubuhi za Juni na Julai ukungu unashuka mpaka huoni mgomba wa jirani. Mimi ni afisa ugani. Wazee wa huku bado wananiita bibi shamba, na jina hilo nalipenda.

Kisa chenyewe ni kifupi. Oktoba 2022 wakulima walikuwa wanaandikishwa ili wapate mbolea ya ruzuku. Mpango ulikuwa umezinduliwa Agosti 8 mwaka huohuo, siku ya Nane Nane, baada ya bei ya mbolea kupanda duniani kote na mfuko wa kilo 50 kupita laki moja madukani. Mama akaenda kujiandikisha. Alipoulizwa jina la mkulima, akataja jina la mwanawe wa mwisho, ambaye anauza vipuri vya magari Kariakoo, Dar es Salaam. Likaandikwa hilo, pamoja na namba ya simu ya kijana. Machi 2023 masika yalipoanza, ujumbe wenye namba ya mkulima ya kuchukulia mbolea hiyo ulikuwa umeshafika Kariakoo siku nyingi, na Mama alikuwa tambarare, kule chini ya mlima kwenye shamba lake la mahindi, na jembe na mbegu, mbolea hana. Akapanda hivyohivyo.

Kwa haraka unaweza kusema ni kosa la uandikishaji, lirekebishwe, yaishe. Na mimi mwanzoni nilisema hivyo. Lakini kadiri nilivyokaa nacho kisa hiki ndivyo nilivyoona kwamba siku ile hakuna aliyekosea kuandika. Mama aliulizwa swali akalijibu kwa uaminifu, kwa jinsi anavyojijua. Jibu lake ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Chini ya mringaringa

Uandikishaji ulifanyika nje, chini ya mringaringa. Palikuwa na meza moja, kijana mmoja mwenye kishikwambi, na foleni ya watu kama thelathini, wengi wao akina mama. Mimi nilikaa pembeni na daftari langu la vikundi. Mama alifika akitokea kukata majani ya ng'ombe. Mundu wake ameuviringisha kwenye kipande cha kanga na kuutia kapuni ili usimkate mtu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Poleni na kazi."

"Asante. Jina la mkulima?"

Akataja jina la mwanawe.

"Yeye yuko wapi?"

"Yuko Dar. Atakuja Krismasi."

"Na wewe mama, unafanya kazi gani?"

"Mimi sina kazi, baba. Niko tu nyumbani, nalima."

Kijana hakushangaa. Akaandika, akaita anayefuata. Na mimi pia sikushangaa. "Sina kazi, nalima tu" ni maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno, hospitalini, shuleni, kwenye vikao vya vikoba, mpaka sikio langu lilikuwa limeyazoea kama mlio wa mashine ya kusaga. Nilimjua mama yule. Nilijua kwamba shamba lile la tambarare linalohitaji mbolea analikodi yeye, kwa fedha yake ya maziwa, na kwamba mwanawe hajawahi hata kulifikia. Nilitakiwa niinuke niseme neno. Nilikaa kimya, na ukimya wangu ulimpunguzia mtu chakula. Hilo naliandika waziwazi.

Nataka msomaji aione asubuhi ya siku ile kabla hajafika pale. Mama aliamka saa kumi na moja. Alikamua ng'ombe wake mmoja, akapata lita nne. Tatu zikaenda kwa mteja wa mjini kwa bodaboda, moja ikabaki ya wajukuu. Wajukuu ni wawili, watoto wa binti yake anayefanya kazi Arusha. Akawapikia uji, akawakagua kucha, akawatoa kwenda shule. Akafagia banda, akatupa samadi kwenye mashina ya migomba. Akaenda kuangalia mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, maana zamu yake ya maji ilikuwa jioni na kuna mahali ukingo ulikuwa umeanza kuliwa. Akakata majani, akayabeba kichwani mpaka nyumbani, akanawa miguu, akaja kuniambia mimi na kijana yule kwamba hana kazi.

Kila mkungu una mwenyewe

Kihamba chake hakifiki ekari moja. Kwa asiyejua, kihamba ni lile shamba la Mchaga linaloizunguka nyumba, ambalo kutoka mbali linaonekana kama msitu. Juu kabisa kuna miringaringa na mifuruanje inayotoa kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi, maharage na majani ya mifugo, na pembeni banda la ng'ombe au mbuzi. Isale limepandwa mpakani kuonyesha kihamba kinaishia wapi. Makaburi ya wenye kihamba yako humohumo. Watafiti waliohesabu mimea ya vihamba vya mlimani walikuta zaidi ya aina 500, inayopandwa na inayojiotea. Shimbwe Juu, huku huku Uru, mfumo huu umetambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima, tangu 2011. Akina mama wanaoutunza urithi huo ndio haohao wanaosema hawana kazi.

Siku moja, miezi kadhaa baada ya ile Machi, nilimkuta anahudumia migomba. Kwenye kila shina huwa anaacha mitatu: mama, mtoto na mjukuu. Machipukizi mengine anayaondoa. Anapiga magoti, anafukua udongo kwa mkono mpaka aone chipukizi limeshikia wapi, ndipo anakata kwa sururu pigo moja tu, anarudisha udongo na kuukandamiza kwa kisigino. Hafanyi haraka. Alifika kwenye shina moja akasita, akalitazama kutoka huku na huku, akaliacha kama lilivyo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mtoto ameinamia njia ya maji, amngoje mjukuu akue kidogo aone nani abaki.

Kwa vile mimi ni mtu wa takwimu, nikaanza kuhesabu mikungu iliyokaribia kukatwa. Ilikuwa sita. Nikamwambia, "Mama, hapa una mikungu sita ya mchare, ukiipeleka Mbuyuni si unapata hela nzuri?"

Akanyoosha sururu. "Ule pale ni wa soko, kweli. Ule wa pili ni wa kule bondeni, wamefiwa, kesho kutwa wanazika. Hii miwili ni ya Dar, naipandisha kwenye basi Ijumaa. Ule wa pembeni ni wetu hapa nyumbani. Na ule mdogo ni wa yule jirani aliyenikatia majani nilipoumwa mgongo."

Mkungu mmoja wa soko kati ya sita. Kwenye fomu zetu za kazini, mitano iliyobaki ina safu moja tu ya kuwekwa, nayo ni matumizi ya nyumbani. Lakini angalia ilikokwenda. Mmoja unakwenda kupikwa machalari ya watu watakaokesha kwenye msiba. Miwili inakwenda Dar kwa watoto ambao, wakila ndizi ya kwao, wanakumbuka kwamba wana kwao. Mmoja unalipa deni ambalo halikuandikwa popote. Siku mtu wa bondeni atakapofiwa tena, au Mama mwenyewe atakapoumwa, mikungu hiyo itarudi kwa njia nyingine: ndoo ya maji, mzigo wa kuni, mtu wa kukaa na wajukuu. Mbege, pombe yetu ya ndizi, hali kadhalika. Ndizi na ulezi vinavyopikwa kwa ajili ya kipaimara au kikao cha ukoo havionekani kwenye mapato ya mtu yeyote, lakini ukiviondoa, hakuna kikao.

Tena Desemba ikifika na mabasi kutoka Dar yakajaa Wachaga wanaokwenda kuhesabiwa, ndivyo tunavyotania kurudi kwetu kwa Krismasi, huwa wanaikuta nyumba imefunguliwa na kufagiliwa, makaburi yamepaliwa, mgomba umezaa, na kuna maziwa kwenye chungu. Kuna mtu aliyekaa mwaka mzima akifanya hivyo. Uru nzima, Kibosho, Old Moshi, Marangu, ukihesabu nyumba ambazo mwenyewe yuko mjini na mama mzee ndiye yuko kihambani, utachoka kuhesabu.

Nilimuuliza siku ileile, tukiwa tumekaa tunakunywa chai: kama si kazi, hii anaiitaje? Akafikiri. "Huku ni kutunza nyumba," akasema. Halafu akaongeza, "Nikiondoka hapa, watoto hawana pa kurudi."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mama hajidharau. Anajiona ana nafasi kubwa sana kuliko ile ambayo neno "mkulima" linampa. Ila nafasi hiyo haina jina linaloingia kwenye kishikwambi.

Tumelifanya nini neno lenyewe

Lugha yetu imechangia. Tangu Azimio la Arusha la 1967 tumelelewa na maneno "wakulima na wafanyakazi". Jembe na nyundo viko kwenye bendera ya CCM, vimekaa pamoja. Nia ilikuwa njema, wakulima waheshimiwe sawa na watu wa viwandani na maofisini. Lakini sikiliza jinsi maneno yanavyokaa: huku wakulima, huku wafanyakazi. Kana kwamba aliyeshika jembe hafanyi kazi. Taratibu "kazi" ikawa ni ile unayoajiriwa, yenye mshahara, yenye kwenda na kurudi. Mtu akikuambia "mwanangu amepata kazi", hutegemei hata kidogo kusikia kwamba amepata shamba.

Kisha kuna shule. Waliosoma shule za msingi nchini humu watanielewa. Ukichelewa namba, adhabu ilikuwa kulima. Ukipiga kelele, unakwenda kufyeka. Walimu wale hawakuwa na chuki na kilimo, wengi wao nao walikuwa na mashamba. Lakini mtoto wa miaka tisa anayepewa jembe kila anapokosea anajifunza jambo moja, kwamba jembe ni la aliyekosea. Akifika nyumbani anaambiwa, "Usiposoma utarudi kulima." Akikua na kwenda mjini, akivaa vibaya au akishangaa ghorofa, anaitwa mshamba. Tusi hilo limetoka kwenye neno shamba moja kwa moja, na tunalitumia kila siku bila kusita, sisi wenyewe watoto wa shambani.

Juu ya hayo zikaja kaulimbiu. Siasa ni Kilimo, 1972. Kilimo Kwanza, 2009. Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, hiyo kila mwaka. Nimesimama mara nyingi kwenye viwanja vya Themi, Njiro, kwenye maonyesho ya Nane Nane ya kanda yetu, nikiwa ndani ya fulana yenye maneno kama hayo, na nimeona jinsi akina mama wanavyopita kwenye mabanda wakitazama vipando vizuri kama watu wanaotazama maisha ya mtu mwingine. Mkulima anayesifiwa kwenye jukwaa ana ekari nyingi, ana trekta, ana mkataba wa kuuza. Mama wa ekari moja kasoro hajioni pale. Akiambiwa huyo ndiye mkulima, jibu lake la "mimi nalima tu" ni sahihi kabisa.

Mama mwenyewe ana maneno makali zaidi. Aliniambia, "Nimelima ili wao wasilime." Watoto wanne. Mmoja Dar, mmoja Arusha, mmoja mwalimu Tanga, mmoja alitangulia mbele za haki. Ada zao zilitoka kwenye kahawa na maziwa. Aliyasema hayo kwa fahari kubwa, na ana haki nayo. Mimi nilikuwa naangalia migomba nyuma yake na kujiuliza ni nani atakayechagua mjukuu wa kubaki kwenye lile shina.

Kitabu cha kahawa

Sababu ya kumtaja mwanawe, hata hivyo, iko kwenye kahawa.

Kahawa ililetwa Kilimanjaro na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, Kilema ikiwa miongoni mwa mahali pa kwanza. Wachaga wakaipokea kwa mikono miwili, mpaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima wa kahawa, na 1933 kikafuatiwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika 1976, na KNCU ikarudi 1984. Katika miaka yote hiyo, mkulima alikuwa ni mtu mwenye namba ya uanachama na kitabu. Unapeleka kahawa kwenye chama cha msingi, inapimwa, kilo zinaandikwa kwenye kitabu chako, malipo yanakuja kwa jina lako. Na jina hilo kwa sehemu kubwa sana lilikuwa la mwanamume. Kahawa ilikuwa zao la baba. Ndizi za kula na maziwa vilikuwa vya mama. Kuchuma kahawa, kuimenya, kuiosha, kuianika na kuigeuza kwenye vichanja, kukimbia kuifunika mvua ikitishia, hiyo ilikuwa kazi ya nyumba nzima, na mama mbele.

Mume wa Mama alikuwa mtu wa kuandika. Mlango wa stoo yao, upande wa ndani, umejaa hesabu zake za chaki na mkaa: mwaka, kilo, mwaka, kilo. Miaka mingine namba ni kubwa, mingine zimeshuka. Pale zinaposhuka sana Mama ananyoosha kidole na kusema, "Hapo ni chulebuni," yaani ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, au "hapo jua". Alizichuma zote yeye. Mwandiko wote ni wa mumewe.

Mume alifariki. Kwa mila, kihamba cha wazazi hubaki kwa mtoto wa kiume wa mwisho, na wa kwanza hutafutiwa cha kwake. Kwa hiyo mwenye kihamba sasa ni yule kijana wa Kariakoo, na Mama anakaa kwa mwanawe, ingawa ndiye aliyemzaa humo. Basi alipoulizwa "jina la mkulima", alisikia swali ambalo watu wa mlimani wamekuwa wakiulizwa kwa karibu miaka mia: kitabu ni cha nani? Jibu likawa la haki. La marehemu halifai tena, basi ni la mtoto.

Wenzangu kazini nilipowaeleza haya, mmoja alisema kwa ukali kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inampa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, kwa hiyo Mama anajinyima mwenyewe. Sheria inasema hivyo, kweli, na nawaomba akina mama wote wanaosoma hapa waijue, na waulize kijijini kwao juu ya hati ya hakimiliki ya kimila. Lakini kusema anajinyima ni kumwonea. Amejiweka kwenye mpango unaomlinda: mwenye kihamba ni mtoto, na mtoto hawezi kumtoa mama yake kihambani, ukoo hautakubali. Akianza kusema "mimi ndiye mwenye shamba", anaugusa mpango wote.

Mwenzangu mwingine akasema ang'oe mibuni mizee apande parachichi, awe mfanyabiashara. Sipingi parachichi. Na mibuni, kwa taarifa, ameshaibadilisha kiasi: ana miche ya aina zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, iliyotoka TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyo pale Lyamungu, na anaitunza vizuri. Ninachopinga ni kumshauri mtu kuhusu biashara yake kabla hujajua anadhani anafanya nini. Ukimwambia mwenye kutunza nyumba kwamba shamba lake halilipi, unamzungumzia jambo lisilo lake. Atakusikiliza kwa adabu, atakuaga kwa "aika", asante ya Kichaga, na hatabadilisha kitu. Kisha tunaandika kwenye ripoti kwamba wakulima wadogo ni wagumu kupokea mabadiliko.

Hata hivyo sitaki kupamba. Jinsi anavyojiona imemgharimu. SACCOS, chama cha akiba na mikopo, haimjui, kwa sababu hana kitu kwa jina lake. Kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kutengeneza mfongo, anachimba, lakini kwenye kikao cha zamu za maji anayekaa ni shemeji yake. Na mahindi ya 2023 yalitoa gunia tatu na debe mbili mahali alipozoea gunia saba. Sidai ni mbolea peke yake, viwavijeshi nao walipita. Lakini tambarare siyo kihamba. Kihambani samadi inatosha, kule chini udongo umelimwa mahindi mwaka hadi mwaka, na bila mbolea ya kupandia na ya kukuzia jani linakuwa la njano mapema. Aprili nilikwenda naye tukaliona. Alishika jani moja, akalisugua kati ya vidole, akaliachia. Hakusema neno mpaka tulipopanda hiasi kurudi.

Simu ya Kariakoo

Jioni ileile nilimpigia kijana. Ni mtu mwema. Anamtumia mama yake hela kila anapopata, na ndiye aliyemwekea umeme. Nilimweleza. Akanyamaza kidogo.

"Dada, ule ujumbe niliuona. Nilidhani ni matangazo, nikaufuta. Mimi si mkulima."

Akaomba radhi mara tatu. Siku ya pili akatuma fedha ya mfuko mmoja wa kukuzia kwa bei ya dukani, na mfuko ule uliokoa kile kilichookolewa.

Nililibeba neno lake wiki nzima. Aliyeandikwa mkulima anasema yeye si mkulima. Anayelima anasema hana kazi. Shamba lipo, limelimwa, na kwa maneno yao wenyewe halina mkulima.

Ndipo nikaanza kumsemesha Mama juu ya kujiandikisha upya. Nilidhani atakubali mara moja. Alikataa. Kwa miezi kadhaa alikuwa ananiambia, "Tutaona." Nami nilianza kwa hoja zangu za kibibi shamba: haki, sheria, gunia. Nilimkumbusha hata kauli ya MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima Tanzania, kwamba mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Akaniitikia kwamba ni maneno mazuri.

Kilichomzuia alikisema siku mvua kubwa za El Niño za mwisho wa 2023 zilipotufungia jikoni kwake kwa saa mbili. Alikuwa anamenya ndizi za mtori, mikono imejipaka mafuta utomvu usishike. Alisema bila kunitazama, "Nikiandika jina langu, ukoo watasema nimeanza kugawa kihamba cha marehemu. Na mtoto atasikia vibaya."

Nikamwambia ninachojua: kwamba daftari la mbolea halimpi mtu ardhi wala halimnyang'anyi. Alinyamaza. Akamenya ndizi nyingine mbili. Kisha ni yeye, si mimi, aliyepata njia. Akauliza, "Kwani hayo mahindi nalimia kihambani?"

"Hapana, Mama. Kule chini."

"Kule chini nani anakodi?"

"Wewe."

"Basi," akasema. "Kihamba ni cha ukoo. Mahindi ni yangu."

Nimekaa kwenye semina nyingi za jinsia na ardhi, na sijawahi kusikia jambo hili likipangwa vizuri hivyo. Hakukigusa kile kinachomlinda. Alitafuta mahali ambapo jina lake linaweza kusimama bila kumwangusha mtu, akalisimamisha hapo.

Alikwenda wiki iliyofuata. Safari hii nilisimama naye mezani. Kijana alikuwa mwingine. Akauliza jina la mkulima. Mama akataja lake, matatu yote, kwa sauti ya chini. Akauliza ekari. Moja na nusu, ya kukodi. Zao? Mahindi na maharage. Simu? Akatoa kitochi chake kwenye kona ya kanga na kunipa mimi niisome namba, maana haikumbuki.

Ujumbe ulipoingia, siku chache baadaye, alimtuma mjukuu aje kuniita, nikaenda. Nikamsomea ile namba. Akaniambia nirudie polepole. Halafu akainuka, akachukua kipande cha mkaa jikoni, akaenda stoo na mimi nyuma yake. Akaufunga mlango ili apate upande wa ndani, tukabaki kwenye mwanga wa dirishani. Chini ya mstari wa mwisho wa mumewe palikuwa na nafasi kama ya viganja viwili. Nikamtajia tarakimu moja moja, naye akaziandika, kubwa, zimeinama kidogo upande wa kulia. Alipomaliza akarudi nyuma hatua moja kuangalia kama zinasomeka.

Kitabu cha kahawa bado kina jina la marehemu. Kikao cha ukoo ni Desemba, watu wakija kuhesabiwa, na Mama ameniambia kwamba mwaka huu atapika mbege yeye.